Macho ya Mama wa Mafaili

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu na birika la kahawa, mkabala na jengo la ofisi la ghorofa sita. Alasiri hiyo walikuwepo watatu: Mwalimu, aliyestaafu kufundisha lakini hajastaafu kusahihisha watu, Dereva, ambaye gari lake lilikuwa gereji wiki nzima, na Swichi, fundi umeme, aliyekaa akilitazama jengo kama mzazi anayemtazama mwanawe siku ya kwanza ya shule. Taa zote za mle ndani alizifunga yeye.

— Huwashi, huzimi, Swichi alikuwa akieleza. Ukiingia zinawaka. Jua likipenya dirishani zinajipunguza. Chumba kikitulia, zinafifia taratibu mpaka zinalala. Umeme umepungua karibu nusu.

— Zinajuaje kama kuna mtu? akauliza Dereva.

— Zina kijicho darini. Kinahisi mtu akijongea.

— Kinahisi joto la mwili, akasahihisha Mwalimu. Ndiyo maana mwenye homa ofisi yake inang'aa zaidi.

— Acha hizo, Mwalimu, alisema Dereva. Mimi nimesikia zinahesabu pumzi. Ukisinzia tu, bosi kashajua.

— Wewe ungefukuzwa siku ya kwanza.

— Na ukimuwazia bosi mabaya, je?

— Hapo zinawaka nyekundu, alisema Mwalimu, uso mkavu.

Swichi alikuwa bado anacheka wakati mzee mmoja mwenye bahasha mkononi alipoomba nafasi apumzike. Wakamsogezea.

— Unaingia pale jengoni, mzee wangu? akauliza Swichi.

— Napeleka barua ya mke wangu, yule wa mafaili, chumba cha chini. Anaacha kazi, yumo ndani anakusanya vitu vyake.

— Kulikoni?

— Macho. Miezi miwili sasa. Akiinamia karatasi zake, giza linamwingia polepole. Akiinuka, macho yanafunguka. Hospitali wamempima, hawaoni kitu. Jioni anajizoeza kutembea sebuleni amefumba macho, azoee kabati liko wapi.

Swichi aliweka kikombe chini. Miezi miwili ndiyo umri wa taa zake, na chumba kile hakina dirisha.

— Mzee, si macho, alisema. Ni taa. Zinafifia mtu asipojongea, na mama akizama kwenye kusoma hatikisiki.

Mzee aliishusha bahasha mapajani.

— Mlijua zitafifia?

— Tulijua.

— Na yeye, nani alimwambia?

Swichi aliwakumbuka wakubwa wa ghorofa ya sita aliowakabidhi karatasi ya maelezo, wakapeana mikono. Chumba cha chini hakukanyaga tena.

Akainuka, akamwongoza mzee kuvuka barabara. Walimkuta mama akifunga vitu vyake. Swichi akaomba akalie kiti chake, akawasihi mama na mumewe wasimame kimya, wasijitikise. Dakika zikapita. Weupe wa karatasi mezani ukaanza kugeuka kijivu, kidogo kidogo.

— Mwanangu, mama aliuliza kwa sauti ya chini, na wewe unaliona giza?

— Naliona, mama. Sote tunaliona. Nisamehe.

Mama akaketi juu ya lundo la mafaili, na kwa kule kujongea kwake, chumba kizima kikawaka.