Sahani ya Kutafutia Pete

Shemeji: Haloo! Nani mwenzangu?

Fundi: Mimi hapa, shemeji. Fundi geti. Shikamoo.

Shemeji: Marahaba. Mbona namba ngeni?

Fundi: Ya jirani, simu yangu imezima. Shemeji, hii mashine yako ya kutafutia dhahabu ni mbovu.

Shemeji: Mbovu? Nimechimba nayo miaka sita!

Fundi: Inapiga kelele tangu asubuhi. Nikiisogeza, wiii! Nikiirudisha, wiii! Majirani wamepanga viti utafikiri kuna harusi.

Shemeji: Umesimama wapi hasa?

Fundi: Getini, kwenye bomba. Mama yangu hunawa hapa, nadhani pete yake ilimponyoka hapa hapa. Huku geti, huku miguu ya stendi ya tangi. Vyuma kulia na kushoto.

Shemeji: Na chini ya mashine umefunga sahani ipi?

Fundi: Ile kubwa.

Shemeji: Nilikupa sanduku lenye sahani tatu.

Fundi: Si nikaona kubwa ndiyo yenye nguvu—

Shemeji: Nguvu za nini, unalima? Kubwa ni ya uwanja mtupu! Hapo inaona geti, inaona stendi, pengine inaona na masufuria ya jikoni. Pete itaisikia saa ngapi?

Fundi: Sasa ungeniambia jana.

Shemeji: Nilikuambia. Ulikuwa unatazama mlango wa chumba anacholala dada yangu hapa kwangu. Mkeo.

Fundi: (anakohoa) Haya. Zimebaki mbili. Moja duara kama kisosi, moja ndefu nyembamba kama soli ya kiatu. Nafunga ndefu, itapenya.

Shemeji: Subiri. Toka geti hadi mguu wa stendi, pima.

Fundi: Shibiri moja na nusu.

Shemeji: Funga kisosi.

Fundi: Lakini ndefu inapenya vizuri—

Shemeji: Inapenya, halafu ukiizungusha ncha zinalamba vyuma huku na huku! Kisosi! Zima mashine kwanza ndipo uchomoe.

Fundi: Nimeshachomoa.

Shemeji: Ikiwa inawaka?

Fundi: Umechelewa kusema.

Shemeji: Mungu wangu. Haya, washa. Kitufe cha kushoto, cha ukali wa kusikia, punguza hadi nusu.

Fundi: Mama anasema nikipunguza haitaona kitu.

Shemeji: Mama naye siku hizi ni mchimbaji?

Fundi: Amekaa mlangoni, ananitazama. Anasema najichosha bure, pete anajua ilik— (mtandao unakwaruza)

Shemeji: Anajua iliko? Iko wapi?

Fundi: Mtandao, shemeji. Nikishapunguza nifanyeje?

Shemeji: Acha kusingizia mtandao. Mama yako anasema dada yangu ameiiba, iko kwenye mkoba wake. Siku ya tisa leo yuko kwangu na mkoba huo huo, hana hata nguo ya kubadili. Na siku mama anaumwaga mkoba sebuleni, wewe ulisema nini?

Fundi: Shemeji, yule ni mama. Ningesema nini?

Shemeji: Haya. Pitisha sahani ukifuata urefu wa geti. Usiielekeze kwenye geti. Polepole, karibu na udongo.

Fundi: Imekoroma!

Shemeji: Kukoroma ni chuma. Dhahabu hutoa sauti laini. Chimba, ukitoe njiani.

Fundi: Kipande cha fimbo ya kuchomelea. Hiki kingine. Kingine! Shemeji, viko saba, vinane... jamani!

Shemeji: Nani kavizika hapo?

Fundi: Vya zamani tu hivi.

Shemeji: Fundi?

Fundi: Mimi. Nilipofunga geti nilifagia mabaki nikayatia kwenye mtaro wa reli linapotelezea geti, nikafukia. Kila kazi huwa nafanya hivyo. Nani angejua?

Shemeji: Ndiyo tabia yako. Ukishafukia kitu unahesabu kimekwisha.

Fundi: Leo utanitukana mpaka lini? Magoti yamechubuka, jua linaniunguza, na hawa wanacheka! Nitang'oa geti lote nilitupe!

Shemeji: Ling'oe. Ulilifunga mwenyewe.

Fundi: (anahema) Ngoja. Imelia tofauti. Umesikia?

Shemeji: Nimesikia. Ondoa sahani, tumia vidole.

Fundi: Kizibo cha soda. Aa, hapana, kuna kitu chini yake, kimeshikwa na tope la reli... Shemeji! Pete! Wallahi pete ya mama! Mama, hii hapa!

Shemeji: Anasemaje?

Fundi: Ameinuka. Ameingia ndani.

Shemeji: Hajasema neno?

Fundi: Amesema niioshe.

Shemeji: (anaguna)

Fundi: Shemeji, mwambie mke wangu ajiandae. Nakuja kumchukua sasa hivi.

Shemeji: Mwambie mwenyewe. Amekaa hapa tangu uanze kulalamika.

Mke: Nimesikia yote.

Fundi: Mke wangu! Ilikuwa chini ya reli! Sasa nimejua hukuichukua.

Mke: Umejua sasa.

Fundi: Ndiyo! Na mama kaiona kwa macho yake—

Mke: Na usingeipata?

Fundi: Vipi?

Mke: Usingeipata hiyo pete, leo mimi ningekuwa nani kwako?

Fundi: Tutaongea nikifika. Salio la watu hili, linakwisha.

Mke: Kujibu hakumalizi salio.

Fundi: Niambie kwanza, umejiandaa?

Mke: Haya. Mashine ya kaka inatakiwa kesho. Mpe mtu ailete.

Fundi: Nitaileta mwenyewe, mke wangu, nita— haloo? Haloo?