Mama Miwani Hakufeli

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Miwani, alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1963, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili. Baba yake alikuwa msoma mita wa idara ya maji, na mama yake alikuwa mshonaji wa sare za shule. Miezi kumi na minne baadaye alizaliwa mdogo wake, ndiye anayesoma wasifu huu mbele yenu. Mama alipenda kusema kwamba siku mdogo alipoletwa nyumbani, marehemu alimtazama kitandani, akamgusa pua, kisha akauliza kwa macho, "Huyu anaondoka lini?"

Alianza shule ya msingi mwaka 1970. Alipokuwa darasa la tano aliteleza kwenye ngazi za shule akavunjika mguu, akalala nyumbani miezi mitano, na mwaka uliofuata akarudia darasa. Hivyo ndivyo yeye na mdogo wake walivyojikuta kwenye dawati moja, na tangu hapo hapakuwa na mtihani ambao nyumbani hawakulinganishwa. Mdogo alikuwa msomaji. Marehemu alikuwa na akili. Wanaojua tofauti ya mambo hayo mawili wataelewa yaliyofuata.

Mwezi wa Septemba 1983 wote wawili waliingia chuo cha ualimu kusomea hisabati. Mwaka uliofuata baba yao alitumbukia kwenye shimo la mita lisilo na mfuniko akaumia mgongo, na hakurudi kazini tena. Ilibidi mmoja wa mabinti atafute kazi. Lilizuka shauri kubwa sebuleni.

"Mwanafunzi ni mwanafunzi," alisema baba, amelala chali kwenye godoro lililotandikwa sakafuni. "Mshika mbili moja humponyoka. Akifanya kazi atafeli, na akifeli tutakuwa tumepoteza vyote."

"Na asipofanya kazi atasoma akiwa na njaa," alijibu mama bila kuinua macho kwenye cherehani. "Tumbo tupu halijui aljebra."

Marehemu aliwakatiza. "Nitafanya mimi. Mchana tu, baada ya vipindi. Mdogo wangu aendelee kusoma, yeye akikosa usingizi hata jina lake hulisahau."

Mama alicheka. Mdogo naye alicheka, lakini maneno yale yalimchoma.

Kazi aliipata kwenye duka la miwani la mzee mmoja aliyeitwa Mzee Lenzi. Alianza kwa kufagia na kukaza skrubu, na baada ya miezi michache akafundishwa kusaga kingo za lenzi hadi ziingie kwenye fremu bila kulegea. Alirudi nyumbani jioni vidole vimekauka kwa vumbi la kioo, na mdomo umejaa hadithi. Ni yeye aliyesimulia juu ya bibi mmoja aliyevalishwa miwani kwa mara ya kwanza, akageuka kumtazama mumewe wa miaka arobaini, akasema, "Kumbe ndivyo ulivyozeeka! Na mimi nilikuwa nakuheshimu kama kijana." Baba, ambaye mgongo haukumruhusu kucheka, alicheka hadi akalia.

Na hapo ndipo wivu ulipoanza kumla mdogo mtu, polepole kama mchwa kwenye mlango. Aliona baba akimuuliza dada ushauri kama anavyomuuliza mtu mzima mwenzake. Aliona watu wa mjini wakimsimamisha dada barabarani kumsalimia, wakati yeye hakuna aliyemjua zaidi ya mkutubi wa chuo. Haya yote angeyavumilia. Lililomshinda ni matokeo ya mwaka wa pili. Yeye aliyeamka alfajiri na kukesha na vitabu alikuwa wa pili darasani. Wa kwanza alikuwa dada yake, aliyesomea aljebra juu ya meza ya kusagia lenzi. Kama kazi ingemwangusha dada, mdogo angemhurumia kwa moyo wote. Kumpenda aliyeshindwa ni rahisi.

Siku ya Jumatatu, tarehe 9 Juni 1986, marehemu aliondoka chuoni mchana kwenda dukani kama kawaida. Mtihani wa mwisho wa hisabati ulipangwa kesho yake, saa nane mchana. Saa kumi na nusu jioni karani wa ofisi alibandika tangazo ubaoni kwamba mtihani umesogezwa hadi saa tatu asubuhi. Mdogo alilisoma tangazo hilo. Alilisoma mara mbili.

Jioni marehemu alirudi nyumbani, akavua viatu, akauliza, "Kuna jipya chuoni?"

Mdogo alisema, "Hakuna."

Neno moja tu. Wasifu huu hauwezi kuliruka, kwa sababu maisha ya marehemu yaligeuka hapo.

Asubuhi, kwa kuwa hapakuwa na vipindi, marehemu alitangulia kwenda kufungua duka, na mdogo alikwenda kufanya mtihani. Marehemu alifika chuoni saa saba na nusu, penseli mbili zimechongwa, akamkuta mfagiaji anapanga viti. "Mtihani uliisha saa sita, binti," mfagiaji alimwambia. Mkuu wa chuo hakutaka kumsikiliza. Alisema hayo ndiyo matunda ya mwanafunzi kuwa na mabosi wawili. Aliambiwa arudie mwaka. Hakurudi. Siku ya mahafali alisema anaumwa kichwa, akabaki nyumbani na mama, na mdogo wake alipokea cheti akiwa wa kwanza darasani.

Kuanzia hapo zamu ya wivu ikawa ya marehemu, na hakuuficha. Mdogo alipoajiriwa kufundisha katika chuo kile kile, marehemu alikuja kwenye sherehe akiwa amechelewa, akampa mkono mbele ya wageni na kusema, "Hongera, mwalimu. Nitakutengenezea miwani uweze kuvisoma vyeti vyako vyote." Kwa miaka kumi hakukanyaga sebuleni kwa mdogo wake. Alisema ina joto. Wote tulijua cheti kilikuwa kimetundikwa sebuleni.

Tarehe 4 Agosti 1990 aliolewa na fundi redio, mtu mpole anayeongea kwa awamu, na wakajaliwa watoto wawili, wa kike na wa kiume. Mwaka 1994 Mzee Lenzi alistaafu akamwachia duka. Watu wengi mliopo hapa mnasoma ratiba hii ya mazishi kwa miwani iliyopita mikononi mwake. Mdogo wake hakujaliwa mume wala mtoto. Alipokwenda kwa dada yake na kukuta watoto wanagombana, redio tatu zinaongea kwa pamoja na mteja anacheka dirishani, aliaga mapema akarudi kwake. Alikuwa amemnyang'anya dada yake cheti, na bado dada alikuwa na vitu alivyovitamani yeye.

Kila mwaka marehemu aliajiri wanafunzi watatu wa chuo, wafanye kazi mchana. Alikuwa mkali kwa jambo moja. Wiki za mitihani hakuna aliyeruhusiwa kugusa jiwe la kusagia, na katika wiki hizo yeye mwenyewe alikwenda chuoni kila jioni, akasimama mbele ya ubao wa matangazo na kunakili saa za mitihani kwenye daftari. Aliwaambia, "Msiwe wazembe kama mimi." Kupitia dirisha la ofisi yake ghorofani, mdogo wake alimwona mara nyingi akiwa amesimama pale na daftari lake. Hakushuka hata mara moja.

Mwaka 2011 baraza la chuo lilijadili kama wanafunzi waruhusiwe kufanya kazi wakati wa masomo. Walimu waligawanyika. Wengine walisema kazi inampa kijana adabu na kumfundisha watu. Wengine walisema inamwibia saa na usingizi. Mdogo wa marehemu, wakati huo mkuu wa idara ya hisabati, alisimama akasema, "Dada yangu alikuwa na akili kunishinda. Kazi ndiyo iliyomwangusha." Baraza likapiga kura. Kazi zikapigwa marufuku. Miongoni mwa wanafunzi wa dukani, mmoja, msichana mrefu wa mwaka wa pili aliyekuwa akiwalea wadogo zake wawili, aliacha chuo siku ya nne.

Marehemu alikwenda ofisini kwa mdogo wake bila kubisha hodi.

"Umenitumia mimi kuwafungia watoto wa watu mlango."

"Ni uongo, dada? Hukukosa mtihani?"

Marehemu alishika kitasa cha mlango. "Si uongo," alisema. Akaondoka, mabega yameshuka. Mdogo aliyatazama mabega yale hadi yakapotea mwisho wa korido, kisha akafunga mlango.

Mwezi wa Oktoba 2023 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Alilazwa mara tatu, na tangu Januari 2024 hakutoka tena hospitalini. Mdogo alikuwa akimpeleka uji kila asubuhi. Tarehe 23 Januari, nesi alipotoka na beseni, mdogo alisema, "Dada, ule mtihani. Tangazo nililiona. Uliniuliza nikakwambia hakuna jipya."

Marehemu hakupiga kelele. Aligeukia ukuta. Siku tatu hakumjibu mdogo wake hata salamu, na uji aliupokea kwa mkono wa mkwe wake. Siku ya nne alisema, bado ametazama ukuta, "Miaka thelathini na saba nimejiona mzembe. Kwa nini?"

"Wivu."

"Wewe? Ulikuwa na muda wote, vitabu vyote. Mimi ndiye niliyekuonea wewe wivu, nikikuona umekaa na kitabu mchana kweupe."

"Ulikuwa na kazi, dada, na bado ulinishinda."

Marehemu aligeuka, akamtazama kwa muda mrefu kama anayepima kioo. "Kwa hiyo sikufeli," alisema.

"Hukufeli."

"Basi ukisoma wasifu wangu usinipake poda. Usiseme nilikuwa mwenye subira, sikuwa. Waambie sikufeli. Na nenda ukawaambie chuoni." Kisha akanyoosha mkono kwenye shuka. "Nikate kucha, zimekuwa kama za paka."

Mdogo alimkata kucha. Neno la msamaha marehemu hakulitamka siku ile wala zilizofuata, na mdogo wake halidai. Marehemu alifariki siku ya Jumamosi, tarehe 17 Februari 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini.

Jumatatu mdogo wake alipeleka barua chuoni akiufuta ushahidi wake wa mwaka 2011 na kueleza sababu. Baraza litakaa mwezi ujao. Yule msichana mrefu, ambaye leo ndiye msimamizi wa duka la miwani na yuko hapa nasi, ameisoma barua hiyo kabla ya mtu mwingine yeyote. Aliirudisha bila neno, na hiyo ni haki yake.

Marehemu ameacha mume, binti mmoja, mwana mmoja, mkwe mmoja, wajukuu watatu, wanafunzi aliowafundisha kazi ambao hatukuweza kuwahesabu, na mdogo wake huyu ambaye, akitazama watu mlivyojaa hadi nje ya uzio, ana hakika kwamba kwake hawatakuja hata nusu yenu, na bado anamwonea dada yake wivu.

Mwenyezi Mungu ampe dada yetu pumziko lenye amani.