Mwalimu Ombui na Viatu Vilivyokwenda Homa Bay

Mwalimu Fanuel Ombui anastaafu Ijumaa hii, tarehe 31 Julai 1998, baada ya miaka ishirini na saba ya kufundisha hesabu katika chuo chetu cha ualimu hapa Migori. Miaka ya karibuni amesimamia pia chumba cha kompyuta, ambako sote huvua viatu mlangoni kwa amri yake, kwa sababu ya vumbi.

Chuo hakikuwa na pesa za kununua programu. Mwalimu alizitafuta za bure: ya kusaka virusi, ya kubana faili kubwa zienee kwenye disketi moja, na ya kurudisha faili zilizofutwa. Hiyo ya tatu tuliicheka. Nani hutupa kitu kisha akakitaka?

Shajara yangu inasema ilikuwa Alhamisi, 13 Novemba mwaka jana. Risper, karani wetu wa muda, alikuwa akifagia kompyuta, yaani kufuta faili kuukuu ili mashine isiwe nzito. Akafuta na alama za mazoezi ya kufundisha. Zilitakiwa Kisumu kesho yake. Karatasi za awali walikuwa nazo wakaguzi, mmoja Sori, mwingine Lambwe, mwingine Kisegi.

Mkuu wa Chuo alisema mbele yetu sote, "Zisipopatikana, Jumatatu nisimwone huyu hapa." Kisha akaagiza tuanze kuchapa upya tunazozikumbuka.

Mwalimu akazima kompyuta. Faili iliyofutwa bado imo, alieleza, ila ukiandika kitu kipya kinaweza kuifunika. Disketi ya kuirudisha alikuwa amemwazima Mohamednur, mwenye duka la redio Homa Bay. Akafunga mlango, akatumbukiza miguu kwenye viatu vilivyokuwa karibu, akaenda mbio kupanda matatu.

Viatu vilikuwa vya Mwalimu Monari, mtu mwenye mguu mkubwa kuliko wote chuoni. Mkuu alipokuja na ufunguo wa akiba ili tuanze kuchapa, alimkuta Monari ameketi kizingitini, pekupeku.

"Siondoki, Mkuu. Viatu vyangu viko Homa Bay."

Huko Homa Bay, Mohamednur alitazama miguu kabla ya kutoa disketi: "Mwalimu, umetoroka matangani na viatu vya mwenzako?"

Mwalimu alirudi jua likizama. Akaiendesha programu kutoka kwenye disketi, isiandike chochote ndani ya mashine. Faili ya kwanza: haiokoleki. Ya pili: haiokoleki. Mkuu akakohoa. Ya tatu ikafunguka, na alama zote zilikuwemo. Mwalimu akazinakili kwenye disketi mbili, moja akampa Risper.

"Haya, mama. Sasa fagia."

Risper ameajiriwa rasmi, na kuanzia Jumatatu ufunguo wa chumba ni wake. Siku hizi hakuna anayefagia kabla ya kunakili.

Asante, Mwalimu, kwa kutufundisha kutulia. Tumekununulia viatu vipya. Monari amevijaribu, havimwingii. Basi ni vyako kweli. Vivae kwa afya njema huko nyumbani Lambwe, na ukija kututembelea, utaviacha mlangoni kama sisi.