Karasha Lilivyomficha Tata Kwenye Wimbo

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama na vijana wenzangu, salama iwe kwenu. Mchungaji amenipa nafasi fupi kabla ya wimbo, na sijazoea kusimama mbele za watu, kwa hiyo mkiona nimeshikilia hii meza msidhani naringa.

Wengi mnanijua kwa cherehani. Wachache mnajua kwamba nyuma ya pazia nina kompyuta na kipaza sauti, na hapo narekodi nyimbo na kuzichanganya sauti mpaka zikae sawa. Mwaka jana nilimrekodi Tata, baba yangu mzazi, akipiga iritungu, ile ala yetu ya nyuzi, na kwaya yetu ikaimba juu ya zile nyuzi. Kabla sijamaliza kazi, akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukagoma. Kilichokuwa ndani ya ile kompyuta ndicho pekee kilichobaki cha upigaji wake, na hakuna kurudia.

Nilifanya kazi kwa hofu. Nyumba yangu, mnaijua, imepakana na makarasha, na zile mashine zinasaga mawe ya dhahabu kutwa. Mngurumo wake uliingia kwenye rekodi. Nikaukata. Kila nilipousikia chini ya wimbo, nilikata tena, mpaka pakawa safi. Nikawatumia wenzangu wa kikundi chetu cha simu, watu tunaorekodi majumbani kuanzia Sirari mpaka Mugumu. Wote wakajibu, kali sana. Ndivyo tulivyozoeana: nisifie, nikusifie.

Nikaenda kwa Tata, kule juu kusikofika kelele za mashine. Alisikiliza kidogo tu.

"Nani huyu anapiga?"

Nikamwambia ni wewe, Tata.

"Siyo mimi. Usiupeleke kanisani."

Akageukia ukutani. Nilitoka pale nikiwa nimevunjika moyo. Nikadhani ugonjwa umechukua kumbukumbu yake. Mama akanifuata nje akasema kichwa cha mzee hakina shida, ng'ombe wake anawataja mmoja mmoja kwa rangi. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana kama kichwa ni kizima, basi aliyempoteza Tata ni mimi.

Na kwaya ilikuwa imeshatangaza siku ya wimbo. Nikawaandikia wenzangu: leo sitaki sifa, semeni panapowaudhi. Naangalia simu, naiweka, naishika tena. Ndugu zangu, nawaambia, kusubiri kusemwa ni kazi. Mwishowe dada mmoja wa Ikoma, anayepika kwenye hoteli ya watalii, akaandika: "Dada, usikasirike. Mzee namsikia kama yuko nje na mlango umefungwa."

Nilikasirika. Niliandika maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa kanisani. Juzi mlisifu, leo mzee yuko nje? Mwenzetu wa Kisaka, mama mkulima, hakubishana nami. Akasema njoo usikie kwa masikio yako.

Nikaenda. Kwake ni mashamba na mbuzi, kumetulia. Akaweka wimbo kwenye spika yake. Jamani. Kwaya ilikuwa inaelea hewani, na iritungu imebaki mkwaruzo kama mtu anaparua bati. Nikamwambia spika yako mbovu, kwangu nyuzi nene zinasikika vizuri. Akaniuliza taratibu, "Kwako nje kuna nini kinachonguruma?"

Nikakaa chini. Nilipokata kelele za karasha nilizikata pamoja na nyuzi nene za Tata, maana zote zina sauti nzito, zinakaa mahali pamoja. Halafu karasha lenyewe, kule nje ya dirisha langu, likawa linaniziba lile pengo. Siku zote zile nilikuwa nasikiliza mashine nikidhani ni baba yangu.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaza kama rekodi ya kwanza bado ipo, kwa sababu nina tabia ya kufuta vitu kupata nafasi. Niliwasha kompyuta nikiwa bado na vumbi la barabarani. Ilikuwepo.

Nikaipeleka Kisaka, tukaanza upya. Wa Ikoma akasema usiogope mngurumo, ubaki kidogo. Mwenzetu wa Sirari akasema kuna sauti moja ya kike inamfunika mzee. Sauti hiyo ni yangu. Mcheke tu, lakini iliuma, na nikaishusha.

Nilipompelekea Tata mara ya pili, sikuweza hata kumtazama. Akasikiliza ubeti wa kwanza. Katikati ya ubeti wa pili akanyanyua mkono wa kushoto. Nikasimamisha wimbo.

"Hapo nilikosea," akasema.

Nililia, ndugu zangu. Nani anaijua hitilafu ya mkono wake kama mwenye mkono? Nikamuuliza kama nipaondoe. Akasema, "Paache. Rudisha mwanzo."

Nawashukuru wenzangu walioniambia ukweli nikawatukana, na wakaendelea kuniambia. Namshukuru mama. Nanyi mnaofanya kazi yoyote peke yenu nyumbani, itoeni nje, mumpe mtu aliye mbali na kelele zenu, na akisema panauma msimfukuze.

Tata yuko pale, benchi la mbele. Wimbo unaanza sasa. Naomba msiharakishe kupiga makofi. Sikilizeni mpaka mwisho, kisha mje mmoja mmoja mniambie mlipoudhika.