Kwa Nini Fundi Lusungu Aliacha Kazi

Bwana Mchungaji, wazee wa ukoo wa Mwalyego, mama yetu Marta, shemeji yangu Vitus na watoto, ndugu na majirani mliotoka Ngonga, Katumba Songwe, Ipinda na hata ng'ambo ya mto Songwe, mimi naitwa Ezekiel Mwalyego, ndiye niliyemfuata marehemu kuzaliwa, na ukoo umenipa kazi ya kuwasomea historia ya maisha yake, nami naomba mnivumilie, kwa sababu karatasi iliyopitishwa jana kwenye kikao cha familia siyo hii niliyoishika.

Marehemu Lusungu Mwalyego alizaliwa tarehe 14 Machi 1986 katika kijiji hiki cha Ngonga, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watatu wa marehemu mzee Angetile Mwalyego na mama Marta, na alibatizwa mwaka huohuo siku ya Pasaka. Alisoma shule ya msingi hapahapa kuanzia mwaka 1993 hadi 1999, akaendelea na sekondari Kyela mjini hadi mwaka 2003, kisha mwaka 2004 akajiunga na chuo cha ufundi jijini Mbeya kusomea umeme wa magari, akiwa msichana peke yake katika darasa la wanafunzi thelathini na mmoja, akamaliza mwaka 2006 akiwa wa pili.

Mwezi Januari 2007 alikwenda Dar es Salaam, akapata kazi katika gereji moja ya Kinondoni iliyokuwa ikihudumia magari ya Kijapani yenye tabo ya kuiongezea injini nguvu, yale ya vijana wanaoshindana mbio mwisho wa wiki, na huko ndiko alikojifunza kazi ambayo wengi wetu tuliisikia kwake kwa mara ya kwanza, yaani kutoa kompyuta ya injini iliyokuja na gari kutoka kiwandani, kuweka nyingine inayoweza kupangwa upya, na kukaa na laputopu pajani akipanga mafuta kiasi gani yaingie, cheche iwake saa ngapi, na tabo isukume hewa kwa presha gani. Aliyemfundisha alikuwa fundi mzee aliyemwambia siku ya kwanza kwamba presha kubwa huongezwa na kila mtu lakini pistoni hutoboka kwa mwenye gari peke yake, na dada yangu aliishika kauli hiyo mpaka wateja wakamkasirikia.

Alirudi Kyela mwezi Agosti 2011 na kufungua gereji yake ndogo karibu na stendi. Wengine walicheka, wakauliza nani atampelekea mwanamke gari la mbio huku kwenye mpunga, lakini magari yalikuja kutoka Mbeya, Tunduma na Karonga, kwa sababu yeye alikuwa ametambua jambo ambalo mafundi wengine walilipuuza, kwamba gari lililopangwa Dar kwenye joto na hewa nzito likipanda Mbeya kwenye hewa nyepesi linakosa nguvu au injini inanoki, yaani inagongagonga. Alikuwa akilipanga gari hapa chini, kisha analipandisha taratibu, anasimama Ipyana, anasimama Tukuyu, anasimama Uyole, kila mahali anasoma namba na kurekebisha, na mteja akilalamika kwamba anachelewa alikuwa akimjibu, "Hewa ya Tukuyu siyo hewa ya Kyela, liache gari lipumue." Mimi mwenyewe nilikuwa nikimwendeshea katika safari hizo, naye akikaa kiti cha pembeni na laputopu yake, na nawaambia ukweli, sijawahi kuwa na furaha kama ya siku zile.

Tarehe 8 Septemba 2012, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na mwalimu Vitus, mzaliwa wa Songea aliyehamishiwa wilayani kwetu kikazi, na Mungu akawajalia watoto wawili, Anitha aliyezaliwa tarehe 2 Julai 2013 na Jubilate aliyezaliwa tarehe 19 Mei 2016.

Sasa nafika mahali ambapo karatasi ya jana ilikuwa na mstari mmoja tu. Uliandikwa hivi, "Marehemu aliendelea na kazi ya ufundi hadi mwaka 2018 alipoacha kwa sababu zisizozuilika." Maneno hayo niliyatamka mimi. Anitha ndiye aliyekuwa akiandika kwenye simu, akainua kichwa akaniuliza, "Mjomba, hizo sababu ni zipi?" Nikamwambia, "Andika hivyohivyo, mama." Akaandika. Nilikwenda kulala na swali lake, nikaamka nalo, na leo asubuhi nimeomba karatasi nyingine kwa shemeji Vitus, ambaye hakuniuliza ya nini.

Siku ya Jumamosi, tarehe 20 Oktoba 2018, katika gereji ya marehemu kulikuwa na Subaru ya mteja mmoja wa Tunduma, imefungwa kompyuta mpya siku mbili kabla, na marehemu alikuwa hajamaliza kuipanga. Alikwenda kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani, akaniachia ulinzi wa gereji, akanionyesha ufunguo ulipo na kuniambia, "Hili usiliguse, bado." Nililigusa. Nilitaka kuonekana nalo Ipinda. Wakati wa kurudi, kwenye lami iliyonyooka hapa Ngonga, saa tisa alasiri, nilikanyaga mafuta mpaka mwisho ili nisikie tabo inavyolia, na mbele yangu kulikuwa na mtu mwenye baiskeli amebeba gunia la kakao, nami nilimwona, nikadhani nitampita.

Mtu huyo ni Sylvester, ambaye mnamfahamu wote, na ambaye nimemwona ameketi pale karibu na lango akiwa na magongo yake. Mguu wake wa kulia ulikatwa chini ya goti siku nne baadaye.

Nilimwambia askari kwamba marehemu ndiye aliyeniagiza nilijaribu gari, kwamba niliachia mafuta lakini gari likaendelea kwenda lenyewe, na kwamba ni ile kompyuta. Nikarudia hivyo mbele ya mama, mbele ya wazee, mbele ya mke wa Sylvester aliyekuwa amejifunga kanga kiunoni akilia uani kwetu. Sikulazimika kuwashawishi watu, kwa sababu maneno yalikuwa tayari midomoni mwao tangu siku gereji ilipofunguliwa, kwamba mwanamke ataua mtu na mitambo yake, mimi niliwapa tu siku na mahali. Askari hakuwa na sababu ya kutoniamini, maana marehemu alipoitwa kuhojiwa hakunikanusha, alisema tu, "Kompyuta niliiweka mimi," jambo ambalo ni kweli.

Kesho yake, Jumapili, baada ya ibada, aliniita gereji, akafungua laputopu na kuigeuza upande wangu. Kompyuta ile ilikuwa inaandika kila kitu, mwendo, kanyagio, presha, breki, sekunde kwa sekunde. Akaweka kidole kwenye mstari, akasema, "Kilomita mia moja arobaini na mbili, Ezekiel. Kanyagio chini kabisa. Na hapa ulipoachia, injini iliachia hapohapo. Ilikutii." Nikamwambia, "Dada, niliogopa, wanangu wanakula kwa leseni yangu." Kisha akasema, "Ulishasema mbele ya mama. Nikikukanusha leo, atapoteza watoto wawili kwa siku moja, mimi kwa maneno yako na wewe kwa yangu. Kaseme mwenyewe. Nakusubiri." Akafunga laputopu.

Alinisubiri miaka saba na karibu miezi minne.

Wazee walikaa, wakaamua gereji ifungwe, naye akaifunga tarehe 3 Novemba 2018, akauza vifaa vyake isipokuwa laputopu ile, na familia yake ikahamia Katumba Songwe ambako shemeji alikuwa amepata shamba. Mama, kwa mwaka mzima hukukigusa chakula alichokuletea dada, nami nilikuwepo ulipokikataa, nikala mimi. Leseni yangu ilibaki safi, na kwa leseni hiyo nilipata mwaka uliofuata kazi ya kuendesha gari la taasisi, mkanipongeza.

Kuanzia msimu huo marehemu alianza kulima shamba la mpunga la Sylvester. Watu wanajua kwamba alilima, hawajui kwa nini. Kila Desemba alitoka Katumba Songwe na jembe lake, akalima, akapanda, akapalilia, na kila alipofika alisimama ukingoni na kutoa salamu, "Ugonile, Sylvester," na Sylvester hakuwahi kumwitikia, na majirani wakasema mnaona, dhamiri inamsuta. Ilikuwa dhamiri yangu, dada yangu ndiye aliyeibeba kwa jembe. Nilimpitia siku moja, mwaka 2021, nikiwa kwenye gari la kazi, akiwa na tope mpaka magotini, nikateremsha kioo nikamwambia apumzike. Akaniangalia akaniuliza, "Umeshasema?" Nikapandisha kioo.

Shemeji Vitus alijua yote. Aliniambia leo asubuhi kwamba mara mbili alivaa viatu aende kusema mwenyewe, na mara zote mbili marehemu alimzuia mlangoni, akimwambia kwamba ukweli ukisemwa na mtu mwingine, Ezekiel atabaki na uongo wake mpaka anakufa.

Marehemu alianza kuugua mwezi Agosti 2025, miguu ikivimba na pumzi ikimsumbua, akatibiwa Kyela, kisha akapewa rufaa kwenda Mbeya ambako iligundulika kwamba figo zote mbili zimeshindwa kufanya kazi, na kuanzia mwezi Oktoba alikuwa akisafishwa damu mara mbili kwa wiki. Nilikwenda kumwona mara tatu tu, nikitaja safari za kazi. Mara ya mwisho, mwezi Januari, alikuwa akimweleza nesi namna mashine ile inavyopima presha ya damu inayoingia na inayotoka, akicheka kwamba hatimaye na yeye amefungiwa kompyuta. Nilimsubiri aniulize tena lile swali. Hakuniuliza, aliniuliza habari za wanangu, mmoja mmoja, kwa majina.

Alifariki dunia siku ya Jumanne, tarehe 10 Februari 2026, saa tano asubuhi, akiwa na umri wa miaka thelathini na tisa. Ameacha mume, watoto wawili, mama, na wadogo wawili, ambao mmoja wao ndiye huyu anayewasomea.

Sylvester, ndugu yangu, mtu uliyemnyima salamu hakukukosea. Ni mimi. Sikuombi unisamehe mbele ya watu, kwa sababu hapo ungelazimika kuonekana mwema. Msimu huu shamba lako limejaa magugu kwa kuwa aliyekuwa akililima alikuwa kitandani, nami sina haki ya kukanyaga huko mpaka uniruhusu. Nimempigia simu mwajiri wangu leo saa moja asubuhi, nimemweleza, na ufunguo wa gari uko kwa mjomba wangu atakayeurudisha. Kesho saa mbili nitakwenda kituo cha polisi Kyela pamoja na shemeji Vitus, naye atabeba laputopu. Mama, najua sasa unapoteza watoto wawili kwa siku moja, jambo ambalo dada alilizuia kwa muda wote huo.

Anitha, mwanangu, hizo ndizo sababu. Zilizuilika zote.

Kwa niaba ya familia, nawashukuru madaktari na wauguzi wa Kyela na Mbeya waliomhudumia marehemu bila kuchoka, walimu wenzake na shemeji Vitus waliojitolea damu, majirani wa Katumba Songwe waliopika na kulala nasi tangu Jumanne, kwaya ya akina mama, na mafundi waliosafiri kutoka Tunduma na Dar es Salaam kuja kumzika fundi mwenzao, ambao leo mmemsikia jinsi alivyokuwa, fundi ambaye gari lake lilimtii dereva mpaka dakika ya mwisho. Ndaga fijo, asanteni sana nyote.

Lusungu, dada yangu, nimesema. Nimechelewa kwa siku mbili na miaka saba. Pumzika kwa amani ile niliyokunyima.