Bangili Niliyomfunga Ng'ombe

Mheshimiwa Waziri wa Afya wa kaunti yetu, Daktari Mkuu, Pasta, wauguzi, wazee wenzangu mnaojifanya bado vijana, na wewe Wangila, mwanangu wa pekee, hamjambo? Mkiniona nacheka ovyo mnivumilie. Leo nina furaha hadi viatu vinanibana na sisikii.

Mimi ni Mama Nanzala wa kule Plateau, mjane mwenye ng'ombe mmoja. Wangila alitaka nihamie kwake Nairobi, orofa ya tisa. Jameni, ng'ombe apande ngazi? Basi muuguzi Joyline akaniletea bangili: ukianguka, inampigia yeye na mwanao simu, na mnaongea hapo hapo mkononi. Niliivaa? Wapi! Nilisema hiyo ni ya wagonjwa, na kwangu wa kuangaliwa alikuwa ng'ombe, ana mimba. Nikamfunga yeye shingoni kwa kamba.

Ng'ombe akalala chini, si ndiyo kazi yake? Joyline akaja mbio na bodaboda, Wangila akatoka Nairobi akilia njia nzima, na kila mmoja akanikuta nakunywa chai. "Mama, funga virago, twende," mwanangu akasema, na hakuwa anacheza. Ni Joyline aliyemsihi: "Mpe nafasi moja tu, aivae mwenyewe."

Nikaivaa kwa hasira. Siku ya mvua nikateleza zizini, mguu ukakataa kabisa, majirani wote wako sokoni. Niliogopa, siwadanganyi. Nililia. Kisha bangili ikaongea: "Mama, ni wewe ama ni ng'ombe?"

"Ni mimi, Joyline! Ng'ombe amesimama, ananiangalia!"

Kabla tope halijakauka mgongoni, nilikuwa ndani ya gari la hospitali.

Wazee wenzangu, aibu ni ya nini? Miwani mmevaa, meno ya kununua mmevaa, bangili ndiyo itawazeesha? Na wewe Mheshimiwa, chumba hiki cha vifaa kama bangili yangu unachotufungulia kisibaki hapa Eldoret mjini peke yake. Kifike Ainabkoi, kifike Burnt Forest, kifike kwa kila mama anayeishi peke yake na bado anapenda boma lake.

Nimalizie. Asubuhi hii, akinishika mkono nishuke garini, Wangila aliniambia, "Mama, baki." Sasa mnajua ninachochekea.

Asanteni kwa kunipa masikio yenu. Mheshimiwa, huo utepe ukate haraka, tafadhali. Ng'ombe amezaa, na ananingoja nimkamue, nyumbani kwangu.