Kapteni Aliyeingia Kuona Meli

Dalmas aliiona meli iliyozama kwa macho yake mawili, na anayebisha arudishe kikombe. Hivyo ndivyo alivyofungua baraza la Ijumaa pale mtaani Ghulail, Jeddah, kwenye benchi la nje ya duka la simu, thermosi ya kahawa katikati. Wenzake walimwita Kapteni kwa vile gari analoendesha la familia ya Al-Hamra ni refu kama basi. Kila dereva wa Jeddah anajua desturi: bosi akishuka, wewe unabaki garini ukichemka. Lakini juzi, kwenye makumbusho ya meli iliyozama, Kapteni aliingia. Bosi mwenyewe, alisema, alimshika bega: yalla, Dalmas, hii si ya kukosa. Akaona mbavu za meli, nanga, na birika ambalo hadi leo linanukia kahawa.

— Ilizamishwa na tende, bana, alisema Titus, mlinzi wa mtaa wa Olaya kule Riyadh, aliyeshuka Jeddah kupumzika. — Zililowa, zikafura, zikaipasua.

— Wacha hizo, alidakia Norman, aliyeitwa Wakili kwa kuwa aliwahi kufagia mahakama. — Nahodha aliizamisha makusudi. Ikama yake, kile kibali cha kuishi, iliisha.

— Zamani hizo kulikuwa na ikama? aliuliza Titus.

— Bahari ndiyo kafili, mdhamini mkuu wa wageni wote, alijibu Wakili. Ndiyo maana wahenga walisema, mgeni siku ya tatu mpe jembe.

Hakuna aliyeuliza jembe lingelima nini majini.

Vincent, dereva aliyefika wiki hiyo, akasogea karibu. Midomo ilikuwa imempasuka, na jana yake joto la garini lilimtapisha.

— Kapteni, kesho nawapeleka mabosi wangu hapo hapo. Ulifanya nini mpaka bosi akakuita?

Titus akachungulia kikombe chake. Dalmas alikuwa na jibu tamu ulimini, akaitazama midomo ya Vincent, akalimeza.

Akaeleza. Roseline, mpishi wa nyumba ya bosi, alimwambia madam kwamba kiti cha magurudumu cha nyanya kinakwama, na Dalmas tu ndiye anayekiweza; ndipo madam akaagiza aingie akisukume.

— Kinakwama kweli?

— Mafi, hata kidogo. Kinateleza kama sabuni. Nilikisukuma nikihema, nyanya wa watu akaniombea dua. Na Roseline sijamwambia hata asante.

Akamuuliza Vincent jikoni kwao yuko nani. Selipher. Basi Roseline atampigia leo. Wanawake hao hawakosi la kumwambia madam. Kisha akaifunga thermosi kabla haijaisha: kahawa iliyobaki ilikuwa ya Roseline.

— Na birika kunukia kahawa? aliuliza Titus.

— Hilo ni kweli tupu, alisema Kapteni. — Nilichoongeza ni bosi kunishika bega, basi.